Ndoo ya Ndimu, Ndoo ya Chokaa

Somoe aliisukuma kingamaji kwa bega, akaisukuma kwa mgongo, mwisho akarudi nyuma akaja mbio na kuipiga teke ambalo lingemwangusha punda. Haikutikisika. Alikuwa nje, barabarani, akijifanya bahari. Mbarak Lali, fundi umeme wake, alikuwa ndani na nyaya zake, akijifanya mwenye nyumba.

"Imeshika!" Mbarak alipiga kelele kutoka upande wa pili. "Maji yaje yakitaka, watatukuta tunakunywa kahawa!"

Ulimi huponza kichwa. Hakuwa hata amefunga mdomo, kingamaji ikatoa mlio mdogo wa kunyonya, ikateleza kwenye fremu ya mlango, ikamwangukia miguuni. Wakatazamana kupitia mlango uliobaki wazi, yeye ndani na Somoe nje, na kicheko kikawaganda usoni.

Kwa mtu asiyejua, kingamaji ni ubao wa plastiki ngumu, mpana kuliko mlango wenyewe, uliozungushiwa pembezoni utepe laini wa gundi. Unaubandika kwa ndani, unapitisha mkondo mdogo wa umeme, na gundi inang'ang'ania jiwe hata jiwe likiwa limelowa chapachapa. Maji ya bamvua yanapopanda na kuingia mitaani, kama yalivyokuwa yakiingia Pazani tangu babu yake Somoe akiwa kijana, watu wanabaki ndani mwao wakiwa wakavu. Yakishuka, unageuza mkondo na gundi inaachia. Somoe alikuwa amemaliza ujana wake kwenye gundi hiyo, na hakujuta hata siku moja.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya jaribio. Mkaguzi wa Tume ya Uhamisho, Bi Nzilani, alikuwa ameshafika kutoka bara. Kingamaji zikishika, Pazani inabaki. Zikishindwa, mji mzima unapakiwa kwenye malori na kwenda kuanza maisha kwenye vibanda vya bati huko nyuma ya vilima, kama walivyopakiwa jirani zao wa visiwa vya kaskazini. Hilo kila mtoto wa Pazani alilijua, na kila mtu mzima alilala nalo.

Na kana kwamba siku haikuwa na mambo ya kutosha, Shangazi Esha alikuwa ameiweka harusi ya bintiye Zuwena leo hii hii, makusudi. "Mji unaohama hauozi mabinti," alisema. "Mwacheni huyo mkaguzi aje ajionee kama tunahama."

Somoe alichuchumaa akagusa utepe. Asubuhi ulikuwa na rangi ya maziwa. Sasa ulikuwa mwekundu wa kahawia, na uliteleza kidoleni kama bamia.

"Umeunguza?" aliuliza.

"Mimi? Voltiji ni ile ile ya siku zote!"

Ndani ukumbini, Shangazi Esha alikuwa amekaa na sinia ya tambuu, akiwatayarishia wageni. Alipaka chokaa kwenye jani, akatia popoo na katu, ule unga wa mti, akakunja, akaweka shavuni. Baada ya muda akainama kwenye kopo lake na kutema. Somoe aliyatazama yale mate, mekundu ya kahawia, kisha akautazama utepe. Halafu akainua macho kuitazama fremu ya mlango: nyeupe pe, mpya, bado inanuka.

"Mungu wangu," alisema. "Tumeilisha gundi tambuu."

* * *

Desturi ya Pazani ni kwamba bibi harusi hatoki kwenye ukuta mchafu. Jana jioni mtaa mzima wa mbele, nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, watu walitoka na ndoo na brashi wakapaka chokaa kuta, baraza na milango, ndani na nje, wakiimba na kurushiana matone. Somoe naye, daktari wa kemia mwenye shahada zake ukutani, alipokea brashi akapaka kwa bidii fremu tatu peke yake. Hakufikiri. Nani anafikiria kemia akiwa anaimba?

"Nieleze polepole," Mbarak alisema. Walikuwa wamejibana chini ya ngazi, mbali na masikio.

"Kome anajishika mwambani kwa molekuli zenye vidole viwili. Ndizo tulizoziiga. Zikiwa na elektroni zake kamili, vile vidole vinashika jiwe. Ukizinyang'anya elektroni, vinafumba, zinageuka nyekundu, zinaachia. Ndiyo maana mkondo hasi unashika na mkondo chanya unafungua."

"Hayo nayajua, Somoe. Hizo nyaya nimezifunga mimi."

"Basi chokaa inafanya kazi ya mkondo chanya, bure, bila swichi. Ni alkali kali. Ikiwa mbichi inaiachia hewa izinyang'anye molekuli zetu elektroni haraka kuliko betri yako inavyoweza kuzirudisha. Katu ya shangazi ni ndugu wa gundi yetu, damu moja. Peke yake haina rangi ya kutisha. Itie chokaa uone."

Mbarak alijishika kichwa. "Milango yote?"

"Yote imepakwa."

"Dawa?"

Hapo macho ya Somoe yakawaka, maana alikuwa mtu wa namna hiyo: tatizo likimshika koo, yeye huanza kufurahi. "Asidi, iue chokaa. Na kitu cha kurudisha elektroni. Vitamini C inafanya yote mawili! Unaosha jiwe mpaka liache kutoa povu, unausugua utepe, unabandika, unatia mkondo hasi. Ile nyekundu inarudi nyeupe mbele ya macho yako, isipokuwa ile iliyokwisha kugandamana."

"Maabara tunayo kiasi gani?"

"Ya nyumba nne. Tano tukibana sana."

Somoe aliona wazo likimjia mwenzake kabla halijatoka mdomoni. "Bi Nzilani atapima nyumba nne," Mbarak alisema taratibu. "Nne tu, ziko kwenye ratiba yake. Hii ya shangazi ni mojawapo. Tunaziosha hizo, sasa hivi, kimya kimya. Anapima, anaandika, anakula pilau, anakwenda zake. Mji umepona."

"Na nyumba nyingine?"

"Watu wako ghorofani. Vitaloa viti, yataloa magodoro. Tutasema bahati mbaya."

"Mzee Shee hayuko ghorofani."

Mzee Shee wa nyumba ya mwisho alikuwa amepooza miguu. Kitanda chake kilikuwa chini, kando ya mlango, kwa sababu alipenda kusalimiwa na wapita njia.

"Tunamhamisha," Mbarak alisema.

"Tumpeleke wapi? Nyumba zimeshikana kuta. Maji yakiingia moja yanatafuta ya pili. Na kuna kina Mzee Shee wangapi mtaa huu, vikongwe na wazazi waliojifungua juzi? Nikianza kuwahamisha itabidi niseme sababu, na Pazani ukimnong'oneza mmoja umemtangazia mia."

"Ndiyo, na ukiitangaza mkaguzi anaifunga Pazani leo hii!" Sauti ya Mbarak ilipasuka. "Somoe, mama yangu alihamishwa kutoka kisiwani akiwa mzima wa afya. Huko kwenye mabati hakumaliza mwaka. Usinifanyie mara ya pili."

Somoe aliumia. Alimpenda Mbarak kama ndugu wa tumbo moja, na alijua hasemi uongo. Kwa muda, si mfupi, alilipima lile wazo la nyumba nne na kuliona linapimika. Lingewezekana. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa wao wawili na chokaa.

Kutoka juu, ngoma ya wanawake ikapamba moto. Sinia ya ndimu ikapita mbele yao kichwani mwa mpishi, ndimu za pilau, za kachumbari, za kuchanganyia hina, mbichi, zimejaa mpaka zinaporomoka. Moja ilidondoka ikabingirika hadi kwenye kiatu cha Somoe.

Aliiokota. Mtaa mzima una harusi, aliwaza. Mtaa mzima una ndimu.

"Somoe," Mbarak alisema. "Somoe, nakuomba."

Lakini alikuwa ameshaanza kupanda ngazi.

* * *

Mwimbaji hakutaka kutoa kipaza sauti, Somoe alikinyang'anya. Chumba kilijaa wanawake, udi na jasho. Zuwena alikaa katikati amefunikwa shela la kijani, na kando yake, miguu imenyooshwa mkekani, alikaa Bi Nzilani mwenyewe. Mkaguzi alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, mtu wa bara, na alikuwa amekubali kupakwa hina kwa adabu tu. Sasa mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa maua mabichi, hawezi hata kujikuna.

"Nisikilizeni," Somoe alisema. "Kingamaji hazitashika leo. Chokaa tuliyopaka jana imeiharibu gundi. Nimeijaribu hapa chini, imeanguka."

Shangazi Esha, aliyekuwa amefika mlangoni, akaweka mkono kifuani. "Chokaa yangu?"

"Chokaa yetu, shangazi. Na mimi nilipaka."

Bi Nzilani alimtazama bila kupepesa. "Umejua tangu saa ngapi, dokta?"

"Sasa hivi. Muda wa kuteremka ngazi na kupanda."

"Unajua sharti la Tume. Kasoro siku ya jaribio maana yake ni nini."

"Najua."

"Kwa nini unaniambia?"

Somoe alikuwa na majibu mazuri, ya heshima, ya kupigiwa makofi. Likatoka lililokuwa la kweli. "Kwa sababu dawa yangu inatosha nyumba nne. Za kwako. Nyingine nahitaji ndimu za watu wote, na siwezi kuomba ndimu bila kusema za nini."

Mahali fulani nyuma kikongwe alianza kulia. Bi Nzilani aligeukia dirisha. Barabara ya kutoka mjini, ile ya kwenda bara, ilikuwa imeshaanza kung'aa; maji yalikuwa juu yake. Hakuna lori ambalo lingepita.

"Siwezi kuwatoa tena," alisema, kama mtu anayejisemea. Kisha akainua mikono yake ya hina, akaitazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ukaonyesha kitu, hasira kidogo, hofu kidogo. "Basi msikae mkinitazama. Mimi sina mikono. Kamueni!"

* * *

Kama hukuwepo Pazani siku ile, umekosa jambo. Wanawake waliteremka ngazi wakiwa na madhahabu na kanga za harusi, sinia za ndimu vichwani. Wapishi waliacha pilau. Wanaume waliokuwa msikitini wakisubiri ndoa wakaja wamekunja kanzu, na bwana harusi Faraji mbele yao, anakata ndimu kwa kisu cha kuchinjia. Aliyekosa ndimu alileta ukwaju, aliyekosa ukwaju akatoa vidonge vya vitamini C vya mafua ya mwanawe, akavitwanga kwenye kinu. Kila mlango ulitoa povu na kufoka, *shhhh*, chokaa ikilia, na watoto wakashangilia kila povu lilipozuka. Wenye michubuko mikononi walipiga mayowe ndimu ilipowachoma, wakaendelea.

Somoe alikimbia nyumba hadi nyumba. "Bado! Linatoa povu bado, osha tena! Hapo sawa. Sasa utepe, sugua, sugua kama sufuria!" Na utepe ulikuwa unarudi. Wekundu ulififia, ukawa wa chai, ukawa wa maziwa. Aliucheka peke yake kila mara, kama mwendawazimu. Ile kemia aliyoifukuza miaka yote kwenye vichupa ilikuwa inatokea mtaa mzima, kwa mikono ya mashangazi.

Mbarak alikuwa juu ya paa la skuli kwenye betri zake. Hakuwa amesema naye neno tangu chini ya ngazi. Lakini nyumba moja baada ya nyingine, wenyewe walipobandika kwa ndani na Somoe akapiga simu, sauti ya Mbarak ilijibu papo hapo: "Hasi. Inakwenda. Inayofuata."

Nyumba ya mwisho ndiyo ilikuwa ya Mzee Shee. Ndimu zilizobaki zilikuwa kiganja kimoja. Somoe alizikamua mpaka maganda, akasugua, akabandika akiwa upande wa ndani. Nje maji yalikuwa yameshapanda barazani.

"Hutoki?" mzee aliuliza kitandani.

"Nitakaa na wewe, babu."

"Kaa. Lakini nyumba yangu inanuka achari."

Maji yakapanda. Kingamaji ilikuwa nusu angavu, na kupitia kwake Somoe aliiona bahari ikipanda taratibu kwa rangi ya kijani: magotini, kiunoni, kifuani. Ubao ulilia. Aliweka kiganja kwenye utepe, akahisi mtetemo, akahisi baridi, na akaogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani mwake. Hii ndiyo ile ndimu ya kiganja kimoja. Kama kuna mlango utakaoanguka, ni huu.

Samaki mdogo akaja akagonga mdomo kwenye ubao, akawatazama.

"Huyo naye amekuja harusini," alisema Mzee Shee.

Ubao haukuanguka. Maji yalifika shingoni mwa mlango, yakasimama hapo yakifikiri, kisha, polepole, kwa aibu, yakaanza kurudi. Kutoka nyumba za juu kikapigwa kigelegele cha kwanza, kikajibiwa, kikashuka mtaani dirisha kwa dirisha hadi kikamfikia. Somoe alikaa sakafuni akalia kwa furaha, kamasi na yote.

* * *

"Chanya," alisema kwenye simu, barabara ilipobaki matope na majani ya bahari. "Fungua zote."

"Chanya," alijibu Mbarak. Sauti yake ilikuwa inacheka tena. "Inakwenda."

Kingamaji haikuachia.

"Ongeza."

"Nimeongeza. Somoe, hakuna hata moja iliyoachia. Mtaa mzima umejifungia."

Alisukuma, akavuta, hola. Nje Faraji alikuwa amefika na wazee wake kutoka msikitini, wanakanyaga matope, wanabisha mlango wa bibi harusi na hawafunguliwi. Kelele zilianza. Mlango usioachia si ulinzi, ni gereza. Hilo ndilo lililokuwa sharti la pili la Tume, na Bi Nzilani alikuwa mfungwa.

Fikiri, alijiambia. Mkondo unanyang'anya elektroni. Molekuli zinapaswa kufumba. Hazifumbi, basi kuna anayezirudishia. Nani? Akanusa vidole vyake. Achari. Walikuwa wamesugua ndimu za harusi nzima. Kila elektroni iliyokuwa inatoka, vitamini ilikuwa inairudisha.

Akaanza kucheka kabla hajageuka. Chini ya ngazi, kama katika kila nyumba ya mtaa ule, ilikuwepo ndoo ya chokaa iliyobaki jana, na brashi ndani yake.

Alipaka pembezoni mwa ubao, kwa wingi, chokaa nzito inayotiririka. Utepe ukafanya michirizi ya chai, ukawa wa kahawia, ukaiva mwekundu kama mdomo wa Shangazi Esha. *Chwaa.* Mwanga wa jioni ukamfikia Mzee Shee hadi kitandani.

Somoe alikimbia barabarani, matope hadi magotini, brashi mkononi. "Chokaa! Pakeni chokaa! Pakeni utepe!"

Dirisha la juu likafunguka, Shangazi Esha akachungulia. "Asubuhi tuitoe, jioni tuipake? Mtoto huyu kasomea nini?"

"Paka, shangazi!"

"Mimi niko juu. Mgeni wako ndiye yuko chini, ameshaanza."

Somoe alifika mlangoni kingamaji ilipoanguka. Nyuma ya ubao alisimama Bi Nzilani na brashi, hina yake imevurugika yote, chokaa hadi kwenye viwiko. Faraji alimpita ubavuni bila hata salamu akapanda ngazi mbili mbili, na kule juu nyumba ikalipuka kwa vigelegele.

"Jaribio lako limeshindwa mara mbili kwa siku moja," Bi Nzilani alisema.

"Ndiyo."

"La kwanza ungeweza kunificha. Ningepima nyumba zangu nne nikatia sahihi."

"Ndiyo."

Mkaguzi aliweka brashi ndooni. "Pwani hii nimekagua miji mingi. Kote nilipokewa kwa halua na ukuta usio na kasoro, na nikapitisha. Mmojawapo sasa hauko." Akajipangusa chokaa kiwikoni. "Siwezi kuipitisha Pazani, dokta."

Somoe aliona Mbarak anakuja barabarani, ameshasikia, na hakuweza kumtazama.

"Wala siwaandikii malori," Bi Nzilani aliendelea. "Maji ya bamvua yanarudi lini?"

"Mwezi ukijaa."

"Nitarudi. Nikute kila mlango una ndoo mbili, ya ndimu na ya chokaa. Nitauliza watoto, si wewe, ipi inafunga na ipi inafungua. Mmoja akikosea, mnahama." Akajitazama mikono. "Na huyu mpakaji hina nitamhitaji tena."

Mbarak alifika. Alimpokea Somoe brashi mkononi, akaipangusa kwenye suruali yake mwenyewe, akasimama naye bega kwa bega. Shangazi Esha aliteremka, akatoka barazani, akaziona kuta zake za harusi: madoa mekundu kuzunguka kila mlango, mtaa mzima, kama vinywa vya walaji tambuu. Akatweta.

"Aibu gani hii! Leteni maji, tuyafute kabla wageni hawajala."

"Yaache, shangazi," Somoe alisema. "Nataka mkaguzi akirudi ayaone."